Filister na Mkia wa Panda

Ukimsalimu Filister hakukujibu kabla hajatazama juu. Kiganja kilikwenda kwenye paji la uso, magamba ya omena yakiwa bado yamemganda vidoleni, akalikagua anga la Mbita, ndipo akasema, "Nzuri, Mwalimu. Wa panda wawili." Hata mlangoni mwa kanisa, mchungaji akimnyooshea mkono, mchungaji alingoja.

Alikuwa mjane, kazi yake kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Kipande chake cha ufuo, mawe matano mapana yaliyotandazwa nyavu kuukuu, ndicho kilichomlisha yeye na binti yake Liz. Hakuwa na kingine. Mwewe walishuka hapo kuiba, ndiyo maana alijifunza kutazama.

Kwa watu wa pale, kila ndege wa kahawia mwenye kucha ni otenga. Filister alikataa. Nilipohamishiwa shule ya Mbita mwaka 1993 alinifundisha, tumekaa juu ya mawe yake.

"Rangi itakudanganya, iache. Mwewe mkia wake una panda, umegawanyika ncha mbili, na akigeuka anaupinda huku na huku, kama mtu anayeongoza mashua kwa kafi. Yule mwingine mkia ni mwembamba, umenyooka, na mabawa kayanyoosha kama mbao. Huyo haniibii mimi. Huyo anakula panya."

Ilinichukua miezi. Siku nilipopatia mara tatu mfululizo alinipimia gorogoro ya omena.

Mwaka uliofuata wizi ulizidi. Stanley, mwenyekiti wa bichi, akaamua mti wenye kiota cha mwewe ukatwe, akamwita Filister auonyeshe. Nilikuwepo. Alionyesha ule wa karibu na maji, ambao kiotani mwake mlining'inia matambara na vipande vya nyavu, maana mwewe huokota takataka. Lakini mti huo ndio uliotia kivuli mashua za Stanley.

"Na ule pale?" Stanley akauliza, akielekeza kidole nyuma ya mawe.

"Ule ni wa yule mwenye mkia ulionyooka. Uacheni."

"Na huyo wako amebatizwa wapi, kwa Wakatoliki au kwa Wasabato?" Wanaume wakacheka. "Otenga ni otenga, mama Liz."

Wakaukata ule wa nyuma. Kiota kilichoanguka hakikuwa na tambara hata moja. Kilitandikwa majani mabichi, na ndani yake mlikuwa na kinda aliyevunjika shingo, na nusu ya panya.

Mwewe waliendelea kuiba kama kawaida. Panya nao wakazidi, wakaingia kwenye banda la magunia. Wanunuzi wa Migori walifungua magunia mawili, wakaona mavi ya panya, wakahamia bichi nyingine. Ukaitishwa mkutano. Kila mtu alijua kwamba atakayelaumiwa atanyang'anywa nafasi yake ufuoni. Stanley akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mti ule ulikatwa kwa sababu Filister ndiye aliyeuonyesha.

"Mimi nilionyesha ule wenye matambara," Filister akasema. "Japuonj alikuwepo. Mwalimu wenu huyu hapa, muulizeni."

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya Stanley, na mume wangu alivua kwa mashua yake. Nilisimama. Nikasema kwamba nilikuwa mbali, na kwamba ndege wale mimi siwezi kuwatofautisha.

Filister hakunitazama. Alitazama juu.

Mawe yake alipewa mke mdogo wa Stanley. Liz akaacha shule akiwa darasa la saba, wakahama wote wawili. Mti wa mwewe ulibaki pale pale, na mashua chini yake.

Miaka mitatu baadaye nilimkuta Filister sokoni Ndhiwa, ameketi kwenye gunia, akiuza osuga na mboga nyingine za kienyeji. Nikamsalimu. Kiganja kikaenda kwenye paji la uso, nami nikangoja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Yule juu ya machinjio ni yupi?" akauliza. "Siku hizi naona kitu cheusi tu kinazunguka."

Nikatazama. Ndege akageuka, akaupinda mkia.

"Wa panda," nikasema.

Akachagua fungu la osuga, akalikung'uta vumbi, akaniwekea mkononi.

"Kumbe unaona."