Kitaa Kilichowakia Sweta

Asubuhi iliyofuata mazishi nilifunga chumba changu Voi, nikamwachia jirani ufunguo, nikashika barabara ya Mombasa kwa miguu. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kutoka kwenye ile ploti kabla matope ya uani hayajakauka, maana yakikauka watu wangeanza tena kuanika nguo.

Tulikuwa tumemzika mama fua kwao Sagalla. Alikuwa mpangaji mwenzetu, akifua nguo za watu wa mjini na kuzianika kwenye waya uliofungwa kwenye ukuta wa mabati. Mvua ikinyesha, ukuta ule ulikuwa unauma. Dawa yetu ilikuwa jozi moja ya patipati za mpira zilizokaa karibu na bomba: ukitaka kuanika, unazivaa kwanza. Mpangaji mpya alionyeshwa choo, bomba na patipati. Mwenye ploti alisema ni stima kidogo, haiui mtu.

Shule niliiacha mapema, lakini kitu kilichoharibika hakinipiti hivi hivi. Kwenye redio mbovu nikang'oa transista tatu. Nikazifuatanisha, ya kwanza ikiisukuma ya pili, ya pili ikiisukuma ya tatu, na ya tatu ikiwasha kitaa chekundu kwa betri ya volti tisa. Kwenye mguu wa kuingilia wa ile ya kwanza nikaunga waya wa shaba niliouzungusha kama springi. Waya huo haugusi kitu. Ukiusogeza karibu na stima unainusa, na kitaa kinawaka. Vyote nikavitia ndani ya kichupa cha mafuta ya kujipaka.

Kwenye waya wa kuanikia kiliwaka. Nikamwita mama fua aone, na wapangaji wengine wakajaa uani.

"Fundi, hebu nipime na mimi," akasema jirani mmoja, mpakiaji wa mizigo, huku akivua sweta lake la nailoni. Nikasogeza kichupa. Kitaa kikawaka.

"Kumbe mimi ni transfoma! Ndio maana bibi yangu hanikaribii!"

Uani watu wakavunjika mbavu. Nilijaribu kueleza kwamba nailoni ikisuguliwa hujijaza umeme wake mdogo usiodhuru, na kwamba kifaa changu kilikuwa na pua kali mno. Mama fua alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kama kinawakia waya na kinawakia sweta, basi waya ni kama sweta."

Nilijua kilichokosekana: rizista moja kubwa ya kuituliza transista ya kwanza, isishtuliwe na kila kitu. Kesho yake nikaenda kuitafuta kwa mafundi wa redio sokoni. Mvua ilikuwa imepiga alfajiri, kisha jua likatoka kali, jua la kuwahi kabla mvua haijarudi. Mama fua alikuwa na mabeseni ya mashuka ya mteja. Patipati zilikuwa zimeenda chooni na mtu. Hakungoja.

Niliporudi na rizista mfukoni nilimkuta amefunikwa leso. Yule mpakiaji alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi. Mwenye ploti akaleta fundi siku hiyo hiyo. Waya uliopita chini ya bati ulikuwa umechubuka; aliufunga kwa mkanda mweusi, akamaliza kabla chai aliyopewa haijapoa.

Nje ya mji lori lilinichukua, likanishusha Maungu dereva alipotaka kula. Nikamuuliza mama aliyekuwa akikaanga mihogo kando ya barabara kama kuna chumba.

"Kiko kwangu. Lakini hakina stima. Kila mtu anakikataa."

"Nitakichukua."

Akaniangalia toka viatuni hadi kichwani. "Kijana wa siku hizi, simu utachaji wapi?"

"Nitaomba kwa watu, mama."

"Na huko ulikotoka umetoroka nini?"

Nikamwambia kuna mtu amefariki. Akasema pole, akaipua mihogo, akanipeleka nyuma ya vibanda. Akanionyesha choo, akanionyesha mtungi wa maji, akasukuma mlango kwa bega. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba na dirisha dogo. Akangoja niseme neno. Nikamuuliza kuta ni za nini.

"Za udongo," akasema. "Kwani?"

Nikaingiza begi langu.