Wenyeji wa Virusi

Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya kama tunavyosema hapa Kalemie, aliacha dawa za UKIMWI baada ya daktari kumwambia kwamba kirusi hakionekani tena katika damu yake. Kwenye chumba cha maombi anakosali, aliyepona huweka kopo lake la dawa chini ya madhabahu, kisha Jumapili inayofuata hutoa ushuhuda na watu wote hucheza. Yaya alikuwa ameshaliweka. Ulibaki ushuhuda.

Mimi nafundisha biolojia, na hasira yangu iko karibu, haingoji kuitwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Yaya, unataka kujiua?"

"Ee, mudogo wangu! Salimia muntu kwanza."

Nikasalimia. Kisha nikamweleza taratibu. Kirusi hakijatoka. Kimejibanza ndani ya seli chache, kimechomeka jeni zake katikati ya jeni zetu, kinalala. Peke yake hakiwezi kuzisoma. Lakini seli ina protini saidizi, ambazo kazi yao ni kufungua jeni zetu zisomwe mwili unapozihitaji. Malaria ikija, seli za kinga zinaamka, na wasaidizi hao wanaamka pia. Hapo kirusi kinawashika wale wale wasome na jeni zake.

Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Yeye huwapokea wachuuzi wa Kigoma bandarini, na anajua kwamba mgeni asiye na mwenyeji wa kumsemea atakaa juu ya mzigo wake mpaka achoke.

"Kumbe ni wenyeji wanamutembeza," alisema. "Basi wafukuzwe hao wenyeji!"

"Hawafukuziki, Yaya. Bila wao mwili hautengenezi hata damu. Dawa inazuia tu kirusi kisiingie seli zingine. Ukiiacha, kinasambaa."

Aligeuza ndagala kwa mikono miwili.

"Mwili wangu mwenyewe?" akasema. "Nimeuosha, nimeulisha miaka yote, na unamupikia adui?"

Akalia. Nilitaka kumkemea, sikuweza. Wazazi wetu walishafariki, sina mwingine wa kumwita Yaya. Niliogopa sana, nikalia naye, na kunguru wakajilia ndagala.

Jumapili nilikwenda maombini nikakaa nyuma. Wapiga ngoma walikuwa tayari. Yaya aliitwa, akasimama mbele akiwa amevaa kitenge chake kizuri.

"Mimi sijapona," alisema. "Kinalala tu. Nimekuja kuchukua dawa yangu."

Akainama chini ya madhabahu, akatafuta kati ya makopo ya wenzake, akapata lake. Hakuna aliyeimba. Pasta alitazama sakafu. Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja alivuta nguo yake ili isimguse Yaya. Weee! Ningemrukia, lakini Yaya alinishika mkono.

"Achana naye. Twende."

Jumatatu asubuhi nilipitia kwa Yaya kabla ya kwenda shuleni, na mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamke kijana wa maombini, mmoja wa wale wanaocheza mstari wa mbele, na mtoto mchanga mgongoni. Alikataa kuingia.

"Mama, na mimi niliacha dawa zangu pale," alisema. "Na mutoto bado ananyonya."

Yaya hakumpa hata kiti. Alijifunga kitenge, akamshika mkono, wakaenda hospitali.