Jina la Kizungu Tu

Wiki jana binti yangu alisoma kwenye simu kwamba Gladys, jina langu, linatoka Welisi kule Ulaya, na huenda asili yake ni neno lao la "nchi". Papo hapo nikasikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, katika apatimenti yetu ya zamani, Louisville, Marekani, tulikohamia kutoka kambi ya wakimbizi. Mama alikuwa ametoka kazini, anakoroga sufuria. Dada yangu Furaha na kaka yangu Baraka walijua maana ya majina yao, nami nikauliza langu.

"Nesi wa kambi ndiye alikupa," Mama alisema. "Iko ya kizungu tu. Haina maana."

Nilielewa kwamba ni mimi nisiye na maana, na nikakua hivyo.

Jana nilimpigia Mama kumweleza kwamba huenda jina langu lina maana ya "nchi". Akauliza, "Nchi gani?"