Siku Mbingu Ilipolia Nami Nikajifanya Najua

Nakumbuka asubuhi moja ya jua kali, mwanangu, kabla hujazaliwa, nilipowakimbiza wanawake wa mwalo mzima kwa sababu ya neno moja nililoogopa kulitamka. Najua sina mvi za kutolea nasaha. Nina miaka ishirini na saba tu, na ukurasa huu nimeuanza upya mara nne kwa hofu ya kukosea. Lakini kosa hili nalifahamu kuliko mzee yeyote, kwa kuwa ni langu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mpaka leo sipendi kuyataja, nikaja kukaa na bibi, mama yake mama, kwenye mwalo huu mdogo wa wavuvi kando ya ziwa, mbele kidogo ya Pasiansi. Shule ilipokwisha nikajifundisha mwenyewe. Nilisoma kila kilichopita mbele yangu: vitabu visivyo na jalada, magazeti ya kufungia vitumbua, na simu yenye kioo kilichopasuka. Wanawake wanaoanika dagaa wakaanza kuniita Mwalimu. "Mwalimu, dawa hii inanywewa kabla ya kula au baada?" "Mwalimu, mbona mwezi una madoa?" Nilijibu yote. Nisipojua, nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kwenye simu, kisha nikarudi kama mtu aliyekwenda kunawa mikono. Jina lile ndilo lilikuwa cheti changu pekee. Nililibeba kwa wasiwasi, kama sinia ya vikombe vya kuazima.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya mbalamwezi. Umekulia hapa, unajua: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi hupumzika, na kilichoanikwa siku ya mwisho ndicho nyumba zote zitakachokula na kuuza mpaka giza lirudi. Ufuo mzima ulikuwa umetandikwa nyavu, na juu ya nyavu dagaa wanang'aa. Mama Kulwa, jirani yetu ambaye mdomo wake haujui mapumziko, alikuwa akigeuza dagaa wake huku akimsema mumewe aliyelala nyumbani.

Ndipo mbingu ikapiga.

Haikuwa radi ya kawaida, maana hapakuwa na wingu hata moja. Mlio mmoja mzito, kisha wa pili. Mabati yakatetemeka, sufuria ikaanguka kwenye kibanda cha chai, yangeyange wote wakaruka kwa pamoja. Halafu kimya.

"Wanapasua mawe huko," akasema Mzee Masanja, mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake.

"Mawe yapasuliwe mbinguni?" Mama Kulwa akamkata. "Hiyo ni ndege ya jeshi, mzee wangu."

Mmoja akasema kimondo. Mwingine akasema ni radi ya ng'ambo ya ziwa, imepotea njia. Kisha nyuso zote zikanigeukia.

"Mwalimu, ni nini?"

Neno nililohitaji lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikakumbuka habari niliyoisoma juujuu, ya ziwa moja la nchi ya mbali lenye gesi chini ya maji. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeshika chaki, "Ni gesi imepasuka chini ya ziwa. Baada yake huja wimbi kubwa."

Ungewaona! Nyavu zilikunjwa kwa pembe zake, dagaa wabichi wakamwagwa kwenye magunia na ndoo, watoto wakabebwa migongoni, na mwalo wote ukapanda juu ya yale mawe makubwa unayoyapanda ukitoroka kuoga. Mzee Masanja naye alipanda, wavu shingoni na sindano mdomoni. Na nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilifurahi. Niliogopa, ndiyo, lakini kule kutiiwa kulikuwa kutamu.

Tukakaa juu ya mawe tukilitazama ziwa. Likatulia kama maji ya beseni. Bata mmoja akapita, polepole, akaenda zake.

Bibi peke yake hakupanda. Alikaa chini palepale kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, akigeuza dagaa wake. Nikashuka mbio kumchukua.

"Bibi, twende! Wimbi!"

"Umeliona wapi, mjukuu wangu?"

"Nimesoma."

"Uliyasoma ya ziwa hili?"

"Hapana."

"Basi kuhusu mlio huu wa leo unajua nini?"

Bibi akanishika mkono, akautumbukiza ndani ya gunia ambalo mtu alilidondosha akikimbia. Ndani kulikuwa na joto, kama kwapa la mgonjwa. Unajua maana yake. Dagaa wakifungiwa kabla hawajakauka hujipasha wenyewe, na jioni hawafai. Chakula cha mwalo mzima cha siku zote za mbalamwezi kilikuwa kinachemka mle ndani kwa ajili ya jina langu.

"Sema," bibi akaniambia.

"Sijui."

"Mimi nimesikia. Wale kule juu hawajasikia."

Nilijaribu kumweleza kwamba niliogopa kweli. Akanijibu bila ukali, na ndiyo maana maneno yake hayajanitoka: "Kuogopa si kosa. Ungesema 'naogopa', tungeogopa pamoja, tukatoka tukiwa na akili zetu. Wewe ulisema 'najua'."

Njia ya kurudi kwenye yale mawe ni hatua thelathini hivi. Sijawahi kutembea mbali vile. Nikasimama mbele yao, nikasema, "Mama zangu, sijui ule mlio ni wa nini. Tangu mwanzo sikujua. Nisameheni, turudi tuanike."

Mama Kulwa akapiga makofi.

"Mwalimu hajui! Asante Mungu, leo nimepona! Nilidhani ni mimi peke yangu kwenye mwalo huu!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Tukashuka kwa vishindo, tukamwaga magunia, tukatandika nyavu bila kuuliza huu wa nani na ule wa nani, mikono yote juu ya dagaa wote. Mzee Masanja akafukuza mwewe kwa kofia yake. Na kazi ikawa sherehe. Mmoja anauliza kwa sauti, "Mlio ule ulikuwa nini?" mwingine anabuni jibu.

"Mume wangu amegeuka kitandani!" akapaza Mama Kulwa.

"Una hakika?"

"Sijui!" ufuo mzima ukaitikia.

Hata bibi aliingia. "Wamefunga mlango huko juu kwa hasira." "Una hakika, bibi?" "Sijui!" Jua lilitusaidia. Dagaa waliokuwa wamelegea sana tuliwatenga kuwa chakula cha kuku, lakini wengi walikauka, na mbalamwezi ile hakuna nyumba iliyopika mboga za majani peke yake. Mimi nilibaki Mwalimu, ila wakipenda kunichokoza waliniita Mwalimu Sijui, nami niliitika.

Nilinunua daftari siku ile. Nikaandika saa, idadi ya milio, hali ya mbingu, na upande ilikotokea. Kwenye nafasi ya sababu nikaandika "Sijui", kwa kalamu ya wino. Nimeuliza wengi tangu hapo; kila mmoja ana jibu lake, na nafasi ile bado haijabadilika. Nikipata jibu nitalifurahia. Bado nalitafuta.

Wiki iliyopita ulitoka uani mbio, mlio mwingine ukiwa umepiga kutoka upande wa Igoma. "Mama, nini hicho?" Ulimi wangu uliwashwa kama zamani. Nikasema, "Sijui." Ukaruka kwa furaha ukasema, "Hata mimi!" Tukatoka nje kutazama, tumeshikana mikono.

Basi shika hili, mwanangu. Ukijua, sema unajua. Ukiogopa, sema unaogopa. Usipojua, sema mapema, dagaa wakiwa bado juani. Watu watakaokucheka siku hiyo ndio watakaoinama pamoja nawe kwenye nyavu.

Mungu akukuze. Akupe masikio ya kusikia kila mlio na miguu ya kuufuata. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akubakizie jua la kutosha kuanika upya.