Mikorosho ya Madodoki

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiona dodoki la kuogea hunirudia, na ikinirudia huwa sili vizuri.

Nilikuwa kijana, fundi seremala wa Keko. Karakana yetu ilipewa kazi ya kutengeneza mfano wa reli mpya ya kwenda Zambia, uwekwe kwenye maonesho ya Sabasaba: meza ndefu, treni ya mbao, na vijiji vya ujamaa pembeni. Miti ya bandia ya dukani ilitoka Ulaya na hatukuiweza bei yake, basi nikaibuni mwenyewe. Shina ni waya wa kusokota uliopakwa gundi na unga wa mbao, majani ni dodoki kavu lililokatwakatwa. Rangi ndiyo iliyonishinda, mpaka mama akaniokoa.

Mama alitoka Kisarawe, akikaa kwangu kwa ajili ya matibabu. Kabla ya hapo yeye na majirani zake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, akaiacha mikorosho yake, na kaburi la baba katikati yake. Aliyachemsha madodoki kwa rangi ileile anayotilia ukili wa mikeka, yakatoka na kijani cha kweli. Kisha akaniomba kajisehemu kando ya reli, pale palipokuwa kwake. Akapanda mikorosho yake midogo, matawi yameinama hadi chini, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikamwona anacheka. Kwetu Uzaramo, mwanangu, shamba halikuwa na hati. Mti ndio uliosema fulani alikaa hapa.

Siku ya ukaguzi akaja msimamizi wa maonesho, kijana wa rika langu, viatu vinang'aa, shikamoo yake ya haraka haraka. Akauliza ile miti ya nini, mama akamweleza kwamba ndipo nyumbani kwake.

"Mama, watu wamehamia vijijini. Hapo sasa ni pori, hakai mtu."

"Mume wangu bado anakaa," mama akasema.

Msimamizi akainama mezani. Akaing'oa kwa vidole vyake, mmoja mmoja, akaitupa kwenye maranda. Mpaka leo sijamsamehe, wala sina haja ya kukudanganya kwamba nitamsamehe.

Mie nikajifanya najua kubembeleza. "Mama, ni madodoki tu. Nitakutengenezea mingine."

Mama akanigeukia. "Baba, walioniondoa kule nao waliniambia ni mikorosho tu."

Niliitengeneza kweli hiyo mingine, na hakuigusa. Alifariki kabla reli haijaanza kubeba abiria. Gari la kumpeleka kwao halikupatikana, tukamzika huku Temeke, mbali na mumewe. Nilipopanda treni mara ya kwanza nilichungulia dirishani tulipofika upande wa Kisarawe. Mikorosho ilikuwa imemezwa na pori.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Basi nakuusia, mwanangu: mtu akililia kitu chake, usimpimie kilio. Usimwambie kitu hicho ni kidogo, wala usikimbilie kumpa kingine. Kaa naye, muulize nani alikipanda, kilizaaje, nani kalala chini yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mola akujaalie upande na uvune mwenyewe, na siku yako ikifika, ulazwe karibu na unaowapenda.