Rozari ya Kusomea

Chuo kizima cha mifugo kilikubaliana kwamba kwa kusoma hakuna wa kumgusa Ndaki. Ukipita getoni kwake Kawajense, chumba alichopanga, unamkuta ameinamia desa, zile kopi za maandishi ya mwalimu, kalamu ya njano mkononi, anapaka. Alipaka vichwa vya habari, akapaka maelezo, akapaka mpaka jina la mwalimu. Akimaliza anaanza upya. Nyumbani kwao Mwamkulu walishamwita Dokta tangu siku aliyobeba begi kuja mjini.

Dokta huyo ndiye aliyeitwa zizini likizo iliyopita, Baka, ng'ombe kipenzi wa mama yake, alipoacha kula. Baba yake, mzee Masunga, alikwishashika bomba la sindano. Akalirudisha ndani, maana msomi yupo.

"Tusubiri kidogo, baba, nipitie desa," alisema Ndaki.

Akapitia. Kila kitu kilikuwa cha njano, kwa hiyo hakuna kilichoonekana. Alipoufikia ukurasa wa ugonjwa wenyewe, ndigana kali, Baka alikuwa amekwisha kufa. Ilimuuma sana Ndaki, akaupaka ukurasa ule rangi mara ya pili.

Sasa, darasani kulikuwa na Eufrazia, binti wa Kipimbwe, Mkatoliki asiyekosa misa. Huyu alisoma ukurasa mmoja, akafunga desa, akatazama dari, midomo ikicheza na vidole vikihesabu. "Mvivu," walisema wenye kalamu za njano. Matokeo yakabandikwa, mvivu yuko juu kabisa. Ndaki amepata sapu, mtihani wa marudio, katika somo la magonjwa ya mifugo. Akiufeli na huo, anafukuzwa, Dokta anarudi Mwamkulu na begi lake.

Ndaki akawaza kisomi. Midomo inacheza, vidole vinahesabu, na mwenyewe ni Mkatoliki: ni rozari hiyo! Yeye ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga kanisani akaenda kununua rozari ya bluu, akaiweka juu ya desa lililofungwa, akasubiri. Alipochoka kusubiri, akamfuata mwenye siri.

"Dada Frazia, niambie ukweli. Ile sala yako ya pepa inaombwa kwa mtakatifu gani?"

Eufrazia alicheka mpaka akakaa chini. "Sala gani, we Ndaki? Mi najisimulia nilichosoma! Pointi moja, kidole kimoja. Kidole kikikwama, nafungua naangalia nilichosahau. Nyie mnapaka tu, mnadhani rangi ndo itaingia kwenye pepa?"

"Kwa hiyo rozari..."

"Rozari sali, haikatazwi. Ila funga desa ujiulize."

Ndaki akarudi getoni, akafunga desa alilolisoma mpaka kona zikachakaa, akainua kidole cha kwanza. Kikabaki hewani. Hakuna kitu. Aliona aibu, ingawa hakuwapo mtu wa kumwonea aibu.

Akaanza upya, ukurasa mmoja mmoja. Likizo ikamkuta Mwamkulu, ameketi kando ya zizi, desa limefungwa magotini, vidole vikihesabu. Mzee Masunga akasimama mbele yake.

"We Dokta. Sapu wiki ijayo, na kitabu umekifunga. Ndo kusoma huko?"

"Nasoma, baba."

"Unasoma nini kitabu kimefungwa? Haya, nisomee na mimi."

Ndaki akainua kidole. "Ndigana kali. Inaletwa na kupe." Cha pili. "Mtoki wa chini ya sikio unavimba, homa inapanda." Cha tatu. "Ng'ombe anaacha kula. Ukimchoma dawa hapohapo, anapona. Ukichelewa, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na hapo..."

Kidole cha nne kikasita. Safari hii hakuwa amesahau.

Mzee Masunga aligeuka kutazama pembe ya zizi alikopenda kulala Baka.

"Kwa hiyo siku ile, ningemchoma..."

"Angepona, baba."

Ndaki akatamani atukanwe tu yaishe. Badala yake baba yake akavuta kigoda, akaketi kumwelekea, akauweka mkono wake mzito juu ya lile desa, lisije likafunguliwa.

"Haya," alisema. "Ugonjwa unaofuata."