Samaki Aliyemponyoka Ingegerd

Macho ya mama mkwe wangu, Ingegerd, yalipofifia, wimbo wa mke wangu Gunvor ukawa mmoja tu: boti iuzwe. Asubuhi moja ziwani Vänern sote watatu tulikuwa tukienda taratibu, tukikokota chambo nyuma ya boti, samaki mkubwa akanasa. Nikamvuta hadi ndani.

"Samoni huyo!" Gunvor akashangilia.

"Hebu mlete," mama akasema. Akamshika pale mkia unapoanzia, akamning'iniza kichwa chini. Samaki akamponyoka, akaanguka puu!

"Umeona, mama? Hata kushika huwezi tena. Boti tuiuze."

"Samoni ukimshika mkia hatoki mkononi. Anayeteleza hivi ni trauti, anafanana naye tu. Kama ni kuuza, anza na hayo macho yako, maana hayakusaidii kitu!"